Lile Povu Si Uchafu, Jamani

Loh! Mji huu wa Dar es Salaam una watu wake, wallahi. Mtu anajinyima nyama mwezi mzima, anacheza upatu, anakopa kazini, anauza kiwanja cha urithi, mradi tu nyumba yake ya Goba au ya Chanika iwekwe tailizi. Na zikishawekwa, basi tena! Watoto marufuku kukimbia sebuleni, mgeni anavua viatu getini, mama mwenye nyumba ananyata ndani ya nyumba yake mwenyewe. Mwaka haujageuka vizuri, hebu pita tena. Mistari ya katikati ya tailizi imekuwa kahawia sebuleni, nyeusi jikoni, na bafuni imeota kitu cha kijani ambacho hata kukitazama sitaki. Muulize mwenyewe imekuwaje. Anakukazia macho makavu, anasema: "Fundi alinipiga, ndugu yangu. Aliniwekea tailizi feki."

Yarabi toba! Feki kwa lipi? Tailizi zenyewe ziko pale pale, zinang'aa, unaweza kuinama ukachania nywele. Kilichoharibika ni mstari, na aliyeuharibu ni yeye na ndoo yake.

Hili tumelisema pale kijiweni mpaka kahawa ikapoa vikombeni na kashata zikaliwa na nzi. Kila aliyepita alikuwa na dawa yake. Mmoja anasema siki na magadi. Wa pili anasema soda nyeusi, unaimwaga usiku, asubuhi unakuta mistari myeupe pee. Wa tatu, huyu kavaa shati la pasi na akisema watu wananyamaza, anatangaza kwamba na uchafu hakuna kubembelezana, tafuta asidi. Wa nne ana shemeji yake anayesugulia dawa ya meno, nyumba nzima, anakamua mirija kwa mirija! Tumekaa tangu alasiri mpaka muadhini anaita magharibi, na hakuna hata mmoja, jamani, hata mmoja aliyetamka kwamba watu wabadilishe maji ya deki.

Sasa tuelewane kwanza ule mstari ni kitu gani, maana watu wanaugombeza bila kuujua. Ile ni grauti: simenti, mchanga laini sana na rangi, vimekorogwa na maji vikasukumwa kwenye nafasi ya milimita mbili au tatu. Ikikauka inabaki na vitundu ambavyo jicho halivioni, na vitundu hivyo vinakunywa. Tailizi ya porseleni imepita kwenye tanuri la joto la nyuzi 1,200 hivi mpaka ikagoma kabisa; kwa viwango vya kimataifa haitakiwi kunywa maji zaidi ya asilimia 0.5 ya uzito wake. Mwagia mchuzi, futa, yamekwisha. Mstari ulio ubavuni mwake haukupita tanuri lolote. Mwagia huo huo mchuzi wa samaki wenye manjano, umeshaunywa, umeuweka akiba, na utakuonyesha kila ukipita. Manjano, hina ya bibi harusi, juisi ya ukwaju, kahawa, mafuta ya maandazi ya asubuhi, vyote viko mle.

Na baadhi ya mafundi wetu nao, Mungu awaongoze! Hata hiyo grauti ya pakiti hawahangaiki nayo. Anachukua simenti nyeupe, anaimwaga kavu sakafuni, anaisukumia kwenye nafasi kwa kipande cha mfuko, ananyunyiza maji kidogo kwa kiganja, anafuta kwa tambara, anadai hela yake aondoke kabla ya foleni. Mstari wa namna hiyo hauna nguvu hata chembe. Upitishie kucha, unatoka unga. Lakini mwenye nyumba ameona mweupe, basi meno yote thelathini na mbili nje. Mweupe! Jikoni! Hivi nani alituloga tukaamini kwamba sakafu inayodondokewa mafuta kila siku ya Mungu lazima iwe na mstari mweupe? Dukani kuna grauti ya kijivu, iko ya kahawia, iko ya rangi ya mchanga. Mtu anazipita zote, macho yameganda kwenye nyeupe, eti "inapendeza na feni."

Ah, tuje kwenye deki, maana huko ndiko kwenye msiba wenyewe.

Nimeshuhudia kwenye nyumba moja ya watu wanaojiweza, magari mawili nje, tangi la maji juu ya mnara. Binti wa kazi kapewa ndoo moja. Moja! Aanzie sebuleni, apite koridoo, aingie vyumba vitatu, jikoni, amalizie chooni. Maji yalipofika koridoo yalishabadilika rangi. Yalipofika chumba cha pili ungeweza kuotesha mchicha humo ndani. Anachovya, anakamua, anapitisha. Anachovya, anakamua, anapitisha. Dekio likipita juu ya tailizi, tailizi haina pa kuyaweka yale maji, na mstari umekaa chini kidogo kuliko tailizi. Maji yaende wapi? Yanashuka mle, yanatulia, yanakauka, yanaacha tope lake. Kesho tena. Keshokutwa tena. Mama mwenye nyumba anapita na simu sikioni, anatupia jicho sakafuni, anasonya: "Muone huyu mtoto anavyolipua kazi."

Hakulipua! Mtoto wa watu kaamka alfajiri, kafanya alichoelekezwa kwa maji aliyopewa. Aliyelipua ni mwenye nyumba anayebania maji ya kusuuzia, ilhali kila Jumamosi gari linaoshwa mara mbili mpaka chini ya matairi. Na najua mtakavyonijibu, maji Dar ni shida, mengine tunanunua kwa boza. Sawa. Basi chukueni kalamu tuhesabu. Sebule ya mita nne kwa tano, zile tailizi za sentimita 30 kwa 30 zilizojaa kwenye nyumba za kupanga. Ukiichomoa mistari yake yote ukaiunga mmoja baada ya mwingine, unapata mita 130 hivi. Uwanja wa mpira wa mechi za kimataifa kwa kawaida una urefu wa mita 105. Kila asubuhi, basi, unamwaga maji ya tope kwenye mfereji unaoupita uwanja wa mpira kwa urefu, halafu Jumapili unamlaumu muuza tailizi. Ndoo ya pili ni kiasi gani cha maji? Moja ya kukamulia uchafu, moja ya maji safi ya kuchovya. Kwisha habari.

Na sabuni! Ngumi nzima ya sabuni ya unga kwenye ndoo, mapovu mpaka kwenye viwiko, na kusuuza hakuna. Sabuni isiyosuuzwa inabaki sakafuni ikiwa utando wa kunata, kila vumbi linalopita linaombwa kukaa. Kisha kuna wale wenzangu na mimi wa mafuta ya taa, kifuniko kimoja ndani ya maji ya deki, eti sakafu inang'aa na sisimizi wanakimbia. Inang'aa, naam, mpaka adhuhuri. Jioni vumbi la barabara limeshajibandika juu ya yale mafuta. Na nyumba hiyo ina mtoto anayetambaa, anayetia kila kitu mdomoni, na jiko la mkaa liko hatua chache tu kutoka hapo. Watu wazima na akili zao timamu!

Lakini deki inaua taratibu. Wako wauaji wa siku moja. Ukitaka kuwaona, subiri kumi la mwisho la Ramadhani, au wiki ya Krismasi, au nyumba inayotarajia posa. Hapo simu za vijana wa usafi hazipumziki. Jirani yetu mmoja wa mtaa wa pili alileta wawili mkesha wa Idi. Wakaja na dumu la lita tano, mdomo umefungwa kwa nailoni, halina karatasi, halina maelezo, hakuna ajuaye hicho kilichomo kina ukali wa kiasi gani. Kijana kavaa kandambili. Mikono mitupu. Kinga yake ni leso aliyojifunga puani. Kafungua, moshi mweupe ukapanda. Kamimina kwenye sakafu kavu, na pale kwenye mistari pakaanza kuchemka, fsssss! Povu linainuka, linapasuka, linainuka tena. Nyumba nzima imekuja kutazama, mpaka bibi katolewa chumbani. Mama mwenye nyumba kapiga kigelegele: "Uoneni uchafu unavyotoka!"

Uchafu gani, jamani? Lile povu si uchafu. Ile ni simenti yake mwenyewe inamwagika. Simenti imejaa chokaa, na asidi ya haidrokloriki ikikutana na chokaa inaila. Hewa ukaa inayotoka kwenye mlo huo ndiyo inayopiga mapovu. Huyu mama anapiga kigelegele huku mstari wake unayeyuka mbele ya macho yake! Ndiyo, ulibaki mweupe, kwa sababu tabaka la juu lote liliondoka na uchafu wake. Siku ya Idi wageni walisifu, biriani ililiwa, picha zikapigwa chini chini ili sakafu ionekane.

Wiki chache baadaye mistari ile ilikuwa imezama, imeparuza, ina mashimo, na kila shimo linashika tope kuliko zamani. Mnadhani alifanya nini? Aliwaita vijana wale wale! Wakaja na dumu lile lile! Mstari ukaliwa tena. Leo bafuni kwake maji yanapenya chini ya tailizi. Ukizigonga kwa fundo la kidole zinaitika utupu, na mbili zimeshanyanyuka. Bomba za sinki zilizokuwa ziking'aa zimepiga weusi kwa mvuke wa asidi, bawaba za mlango zimeota kutu, na ile kaunta yake ya marumaru ya jiwe lenyewe, aliyoitolea jasho, imefubaa duara zima pale walipolitua dumu. Marumaru ya jiwe ni chokaa toka juu mpaka chini. Hata ndimu ukiikatia juu yake ukaisahau, inaiachia alama, sembuse dumu la mkesha wa Idi.

Wala asidi sijaikataa moja kwa moja. Ina kazi yake kwa anayeijua. Nyumba ikitoka kujengwa, ukoko wa simenti umeganda juu ya tailizi, au maji ya kisima yenye chumvi yameacha magamba meupe ukutani bafuni, hapo fundi wa kweli ataitumia. Lakini kwanza kaipunguza sana kwa maji. Kisha kailowesha mistari mpaka imeshiba, ili isije ikainywa. Kaipaka asidi, kaiacha muda mfupi, kasuuza, kasuuza tena, kamalizia na maji ya magadi kuituliza. Na kavaa buti, glovu na miwani. Hakupiga kandambili.

Sasa hili jingine sitalisema kwa kucheka, na mniwie radhi nikipandisha sauti. Watu wanachanganya. Bafu dogo, dirisha hakuna, mlango umefungwa ili maji yasitoke. Binti kainama anasugua. Kamwaga asidi, au ile dawa kali ya choo, kaona haitoshi, kaongeza jiki "ziongezeane nguvu," maana ndivyo alivyoambiwa na bosi wake. Haziongezeani nguvu! Zinatoa gesi ya klorini. Gesi hiyo hiyo Wajerumani waliifungulia, zaidi ya tani 150, dhidi ya mahandaki ya askari kule Ypres, Ubelgiji, tarehe 22 Aprili 1915, watu wakafa wanatapatapa wakitafuta pumzi. Leo tunaitengeneza wenyewe bafuni, kwa ajili ya mstari wa milimita tatu. Na klorini ni nzito, uzito wake unakaribia mara mbili na nusu ya hewa, kwa hiyo inatambaa chini. Wa kwanza kuivuta ni yule aliyepiga magoti. Bosi kasimama mlangoni ananusa kidogo, anatikisa kichwa, anasema dawa ya safari hii ina nguvu.

Hata jiki peke yake, ukiimwaga chooni penye mkojo uliolala, inatoa mvuke wa aina nyingine unaochoma mapafu. Binti akianza kukohoa na macho kutiririka, mtoe nje kwenye hewa, mara moja, na mumpeleke hospitali. Msimpe maziwa mkadhani mmemaliza kazi. Mnasikia? Kila mtaa una mtu wa maziwa. Mtu kavuta sumu kwa pua, yeye anakimbilia dukani kununua pakiti ya maziwa! Yule ni mtoto wa mwenzenu kule Singida au Iringa, kawaaminini naye mzima.

Haya, nishushe pumzi. Niwaeleze kazi niliyoiona ikifanywa ikafanyika. Ilikuwa kwa rafiki yangu, Tabata. Kaja mama mmoja wa makamo, lafudhi ya Tanga, ana mashine yake na vijana wawili wenye buti. Kaingia, hakushika brashi. Kaanza kuuliza. Maji mnayotumia hapa ni ya bomba au ya kisima? Tailizi ziliwekwa lini? Zimeshawahi kupigwa asidi? Kapiga magoti, kaukwangua mstari kwa ukucha, kadondosha tone la maji, kalitazama linavyonywewa. Kisha kaenda nyuma ya mlango wa stoo, kajaribu dawa yake mahali padogo pasipoonekana, kasubiri. Rafiki yangu huku ananikonyeza: "Huyu ananilia muda. Nimemwita aje atazame?" Tulia wewe!

Wakafagia kwanza na kunyonya vumbi lote, kwa sababu ukimwaga maji juu ya vumbi umekoroga tope mwenyewe. Halafu dawa. Hii ni ya alkali, upande wa pili kabisa wa asidi, na kazi yake ni kuyakata mafuta na masizi. Wakaipaka, wakaiacha dakika kumi na kitu, wanailinda isikauke. Mwenye nyumba hapo roho iko juu: "Mbona mmekaa?" Kumbe dawa ndiyo iko kazini, binadamu anangoja. Kisha brashi nyembamba ya nailoni, mstari kwa mstari, magoti chini. Waya wa kusugulia masufuria hawakuutia hata ndani ya nyumba, maana unachuna ng'aro ya tailizi na kuacha vipande vinavyoshika kutu. Kisha maji ya moto, na mashine inayavuta yale maji papo hapo, hayapewi nafasi ya kutulia.

Sasa hapo! Wakalifungua tangi la mashine. Na hii ni sebule iliyopigwa deki asubuhi ile ile, mjue. Maji yalikuwa meusi, mazito, yana nywele, yana harufu ya kitu kilicholala muda mrefu. Rafiki yangu kashika mdomo. Mkewe kageukia dirishani. Miaka yote wanatandika mkeka, wanakula futari juu ya kile kitu! Mama wa Tanga hakusema neno la kejeli. Kaenda kuyamwaga, karudi, kaanza kusuuza, mpaka maji yaliyovutwa yakatoka yalivyoingia.

Mwenye nyumba kataka amalize leo leo, apake na ile dawa ya kuzibia vitundu. Mama wa Tanga kakataa katakata. Mstari uliojaa maji hauwezi kunywa dawa, uacheni ukauke siku nzima na madirisha wazi. Kesho yake karudi, kapaka, kaacha iingie, kafuta iliyobaki juu ya tailizi kabla haijaganda ikaacha ukungu. Na kawaambia ukweli wake: hii si ya milele. Ukidondosha tone la maji likakaa duara, dawa ingalipo. Likinywewa, niiteni. Sijamsikia kijana wa dumu hata siku moja akimwambia mteja jinsi ya kuipima kazi yake.

Basi ikaja bei. Lahaula! Mngemwona rafiki yangu. Kashika kiuno. "Mama yangu, kusugua tu? Sabuni yenyewe shilingi ngapi?" Bwana yule yule, miezi michache nyuma, kwenye sendofu ya binti yake, kalipa mshereheshaji, kalipa ndege ya kupigia picha angani, kalipa keki ya ngazi tano iliyoliwa na wageni wasiojulikana kwao, hakuomba kupunguziwa hata mia! Leo mama wa watu kapiga magoti nyumbani kwake kutwa nzima, ndipo hesabu zinapopanda kichwani. Tulimkalia kooni mpaka akalipa. Mtu analipwa magoti yake, mgongo wake, mashine yake, na ujuzi wa kujua kipi asikimwage. Sabuni ndiyo ya mwisho kwenye orodha.

Maana wale wengine nao wapo, msidhani nimewasahau. Wana fulana zimeandikwa "usafi wa kitaalamu" mgongoni, na taaluma yote imeishia kwenye hiyo fulana. Wako waliokuja na mashine ya kuoshea magari, wakaiwasha sebuleni, maji yakachimba mistari yakaingia mpaka kwenye soketi za umeme. Wako wanaopaka mistari rangi ya ukutani kwa kijibrashi. Inapendeza ajabu! Deki ya kwanza inabanduka, ya pili inaganda kwenye dekio.

Hao wa rangi ya ukutani wana wateja wao wakubwa, na wateja hao ni baadhi ya wenye nyumba za kupanga. Mpangaji kahama, mistari ina rangi ya tope la miaka, mwenye nyumba kapaka rangi usiku, asubuhi kaleta mpangaji mpya na dalali. "Unaona nyumba safi?" Kodi ya miezi sita imeingia mfukoni. Rangi imebanduka mwezi wa kwanza. Na siku mpangaji anahama, anakalishwa kitako: "Ulipokea sakafu nyeupe, unanirudishia sakafu gani hii?" Amana yake inaliwa hivi hivi. Mimi nawashauri wapangaji, siku mnakabidhiwa funguo pitisheni tambara bichi kwenye mistari ya jikoni, mpige na picha, mwenye nyumba akiwa amesimama hapo hapo.

Na kuna nyumba ambazo hata yule mama wa Tanga hawezi kuziponya kwa brashi. Unasafisha leo, kesho kutwa unga mweupe umechomoza kwenye mistari tena. Ile ni chumvi inayopandishwa na unyevu kutoka chini ya sakafu, kwa sababu wakati wa kumwaga zege mtu alibana hela ya nailoni ya kuzuia maji ya ardhini. Utamlaumu msafishaji mpaka kiama, chumvi inapanda tu. Vile vile mstari ulioliwa na asidi mpaka ukawa shimo hausafishwi tena, unakwanguliwa wote na kujazwa upya, na bafuni ni heri kuweka grauti ya epoksi ambayo hainywi maji. Ni ghali na mafundi wanaoiweza ni wa kutafuta, ila tailizi zikianza kunyanyuka bili yake ni nyingine kabisa. Na lile bafu lisilo na dirisha, jamani, toboeni hata kitundu hewa ipite. Kuvu jeusi la kwenye kona halitoki kwa jiki ya kila wiki. Linatakaswa rangi, unyevu unabaki, wiki ijayo limerudi. Mpira wa kusukumia maji ukipitishwa ukutani na sakafuni kila baada ya kuoga unalinyima maji hilo kuvu, na kazi hiyo hata mtoto wa darasa la nne anaiweza.

Idi nyingine hiyo inakuja, na madumu yameshaanza kupita mtaani, nimeyaona jana kwenye bodaboda yanatingishika. Akifika kijana wa usafi mlangoni kwenu, mwulizeni amebeba nini. Akisema "dawa tu, mzee wangu," mwambieni alifungulie uani, nje, upepo uko nyuma yake. Likitoa moshi, lifungwe. Mpeni nauli yake ya daladala, mpeni na chai, mtazameni na mikono, maana wengi wao ngozi ya vidole imeshababuka na hawana wa kuwaambia. Kisha mwelezeni pale pale kizingitini dumu lile linafanya nini kwenye simenti, na linafanya nini kwenye mapafu yake.